Meza ya Chama na Jalada la Mwalimu

Mwalimu akifika ofisi ya chama cha walimu wilayani huwa ameshabeba habari nzito ya kijiweni: darasa la saba linafutwa, walimu wa msingi watapunguzwa, wenye cheti hawatakiwi tena. Kabla ya kujibu lolote tunamwomba vitu viwili, hati ya mshahara ya mwezi uliopita na barua yake ya mwisho ya kupanda daraja. Akiwa navyo, mazungumzo hayazidi nusu saa. Asipokuwa navyo tutazunguka asubuhi nzima, na ataondoka na hofu ileile aliyokuja nayo. Haya yafuatayo tumejifunza kwa kuketi upande huu wa meza, hasa tangu mtaala mpya uanze Januari 2024. Tunayaandika kwa mwalimu wa Tanzania anayetaka kujua ashike karatasi gani na ampelekee nani.

Tuanze na hati yenyewe. Chukua mwalimu mwenye mshahara wa shilingi 800,000. PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, inakata asilimia 5, yaani 40,000. Bima ya afya asilimia 3, yaani 24,000. Ada ya chama asilimia 2, yaani 16,000. Kama alisoma kwa fedha za Bodi ya Mikopo, asilimia 15, yaani 120,000. Kodi hukokotolewa baada ya kutoa mchango wa PSSSF, kwa hiyo inatozwa kwenye 760,000, nayo inakuja 68,000. Jumla ya makato ni 268,000, na mkononi zinabaki 532,000 kabla ya mkopo wowote wa benki. Utaratibu unataka theluthi moja ya mshahara isiguswe, ambayo hapa ni kama 267,000. Nafasi ya kukopa kwa hiyo ni rejesho la kama 265,000 kwa mwezi, basi. Mwalimu aliyefanya hesabu hii kwa kalamu yake mwenyewe hachukui mkopo wa pili akiwa gizani, na akipanda daraja anagundua mwezi uleule kama nyongeza imeingia au haijaingia.

Makosa tunayoyakuta kwenye hati hizi yanajirudia. Makato ya mkopo uliokwisha yanaendelea kwa sababu mkopeshaji hajafunga akaunti. Daraja la mshahara wa walimu kwenye barua ni TGTS E, kwenye hati bado ni D. Mwalimu amehamia chama kingine lakini makato ya zamani hayajaondolewa, na sasa anakatwa mara mbili. Wapo pia wanaokatwa asilimia 2 bila kujaza fomu ya uanachama, TUF 6, na wanakuja wamekasirika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu ada ya uwakala kwa chama chenye wanachama wengi mahali pa kazi, kwa hiyo makato hayo si wizi. Lakini anayelipa uwakala tu hana kura kwenye vikao, na kwa kuwa fedha inatoka vilevile, ni afadhali ajaze fomu aingie ukumbini aulize inatumikaje. Hilo swali la matumizi waulize kwa sauti. Chama ambacho wanachama wake hawakihoji hulala.

Baada ya hati tunafungua jalada. Kila mwalimu anapaswa kuwa na jalada lake nyumbani linalofanana na lile la Tume ya Utumishi wa Walimu wilayani: barua ya ajira ya kwanza, barua ya kuthibitishwa kazini, barua zote za kupanda daraja, barua za uhamisho, ruhusa za masomo, vyeti halisi vya shule na chuo, na cheti cha kuzaliwa au kiapo kilichotumika kuingia kazini. Nakala zipigwe muhuri wa kuthibitishwa, vyeti halisi visitoke nyumbani bila sababu. Wanaokumbuka uhakiki wa 2017, uliotoa orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, wanajua kwa nini tunasisitiza. Siku zile, aliyekuwa na cheti chake halisi alitoka kwenye utata kwa siku chache, na aliyekuwa na nakala tu alisubiri.

Sasa tuje kwenye darasa la saba, maana hilo ndilo linalowanyima watu usingizi.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, inafanya elimu ya lazima kuwa miaka 10: sita ya msingi na minne ya sekondari. Watoto walioingia darasa la tatu Januari 2024 ndio wa kwanza kumaliza msingi wakiwa darasa la sita, mwaka 2027. Mwaka huohuo wale walioingia darasa la nne 2024 watakuwa darasa la saba, nao wanamaliza kwa utaratibu wa zamani. Makundi mawili yanatoka pamoja, na Januari 2028 yote mawili yanataka kuingia kidato cha kwanza. Kuanzia hapo shule ya msingi iliyokuwa na madarasa saba ina madarasa sita.

Je, mwalimu wa shule ya msingi ya serikali anapoteza kazi? Kwa tunavyoiona ikama, yaani idadi ya walimu inayotakiwa shuleni, hapana, na tunasema hivyo bila kusitasita. Kipimo cha serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na shule nyingi za msingi za vijijini ziko mbali na kipimo hicho kwa upande wa upungufu. Kuondoka kwa darasa moja kutapunguza mzigo kabla ya kuzidisha walimu. Hatari ya kweli ni uhamisho na kubadilishiwa somo. Shule ya mjini yenye walimu wengi itatakiwa kupeleka baadhi yao kijijini, na sekondari zitakazopokea makundi mawili zitahitaji walimu, na macho yataangukia walimu wa msingi wenye shahada. Jambo la namna hii limewahi kutokea kwa upande wa pili: miaka ya 2017 na 2018 walimu wa masomo ya sanaa waliozidi sekondari walihamishiwa shule za msingi. Tulichojifunza wakati ule ndicho tunachowafundisha wawakilishi wa shule leo.

Kwanza, barua. Uhamisho kwa matakwa ya mwajiri unalipwa: nauli ya mwalimu na familia yake, kusafirisha mizigo, posho ya kujikimu, na posho ya usumbufu ambayo ni asilimia 10 ya mshahara wa mwaka. Kwa yule wa 800,000, mshahara wa mwaka ni 9,600,000, kwa hiyo usumbufu peke yake ni 960,000. Uhamisho wa kuomba mwenyewe haulipwi kitu. Hapo ndipo penye mtego. Mwalimu anaitwa, anaambiwa kwa upole kwamba shule fulani inamhitaji, "wewe andika tu barua ya kuomba ili mambo yaende haraka." Anaandika kwa heshima, au anajaza ombi kwenye ESS, mfumo wa mtandaoni wa watumishi, akidhani ni taratibu tu. Tangu dakika hiyo uhamisho umekuwa wake, na shilingi 960,000 pamoja na posho nyingine zimeyeyuka kwa saini yake mwenyewe. Usiandike barua ya kuomba uhamisho ambao hukuuomba. Jibu la adabu ni hili: "Nipo tayari kuhama nikipata barua ya uhamisho kutoka kwa mwajiri." Hakuna anayeweza kukuadhibu kwa sentensi hiyo.

Pili, isome barua ukiwa umesimama hapohapo, kabla ya kusaini daftari la kupokelea. Inatakiwa kutaja sababu ya uhamisho, tarehe ya kuripoti, na nani anagharamia. Ikisema utalipwa "fedha zitakapopatikana", ipokee, usigome, lakini jaza fomu ya madai wiki hiyohiyo. Ambatisha nakala ya barua, hati ya mshahara, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na cheti cha ndoa, kwa sababu familia isiyo na vyeti hailipiwi. Fomu igongwe muhuri wa masjala na nakala moja ubaki nayo. Madai mengi yanayokufa hayafi kwa kukataliwa. Yanakufa kwa sababu mwalimu aliyapeleka kwa mdomo, au alimkabidhi mtu fomu kwenye korido, na mtu huyo akahama.

Tatu, anayehama kutoka msingi kwenda sekondari ahakikishe kada na daraja lake vimeandikwa kwenye barua. Kazi inaweza kubadilika wakati muundo wa mshahara umebaki palepale, na miaka mitatu baadaye kwenye kupanda daraja anaambiwa anahesabiwa kwenye ikama ya mahali alipotoka. Akague pia kama kituo chake kipya kimesomeka kwenye mfumo. Yapo majina yaliyobaki shule ya zamani mwaka mzima, na mkuu wa shule mpya akakosa namna ya kumpitishia mwalimu tathmini yake.

Hofu ya pili ni ya walimu wenye cheti cha Daraja A. Mageuzi yameipandisha sifa ya kuingia ualimu kuwa stashahada, na waliopo kazini wanajiuliza kama nao watafagiliwa. Ushauri wetu ni kusoma, tena kwa mpangilio, kwa sababu masomo yasiyo na ruhusa yana hasara yake. Mwalimu anayejilipia chuo cha jioni au likizo bila kibali anarudi na stashahada nzuri, anaandika barua ya kubadilishiwa muundo, yaani kuwekwa kwenye ngazi ya mshahara ya elimu yake mpya, na anaulizwa: ruhusa yako iko wapi? Hana. Njia iliyo salama huanza kabla ya kulipa ada. Omba kuingizwa kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri. Ukipata barua ya kudahiliwa, andika kwa Mkurugenzi kupitia kwa mkuu wa shule na Afisa Elimu Kata, ueleze kozi, chuo, muda na namna ya kusoma. Subiri barua ya ruhusa ndipo uanze. Ukimaliza, ripoti kwa maandishi, ambatisha cheti na matokeo yaliyothibitishwa, kisha omba kubadilishiwa muundo.

Ila piga hesabu kwanza. Mwenye cheti huanzia TGTS B, mwenye stashahada C, mwenye shahada D. Mwalimu wa cheti aliyepanda kwa utumishi mrefu mpaka E, akibadilishiwa muundo kwa shahada, anaweza kujikuta kwenye D ya kuanzia, mshahara wake wa zamani ukilindwa kama mshahara binafsi mpaka daraja jipya limfikie. Kwa kijana wa miaka 35 hiyo ni hasara ya muda tu, atapanda. Kwa mwenye miaka 56 ni jambo jingine kabisa, na tumeshawashauri kadhaa wa umri huo wasome kwa faida ya darasa lao, lakini waulize maofisa utumishi kwa maandishi kabla ya kuomba kubadilishwa.

Kuhusu daraja lenyewe, kumbukeni kwamba upandishaji ulisimama kuanzia 2016 wakati wa uhakiki, na walioathirika walifidiwa baadaye kwa mserereko, yaani kupandishwa daraja zaidi ya moja kwa mfululizo. Bado wapo walimu walioajiriwa siku moja, wakapangwa shule moja, na leo wako madaraja tofauti. Kinachowasaidia hawa ni kulinganisha. Mwakilishi wa shule anaandika jedwali dogo: jina, tarehe ya kuajiriwa, tarehe ya kuthibitishwa, tarehe ya kila daraja. Jedwali la watu wanane waliopishana linafungua mlango ambao barua nane za kulalamika hazikuufungua, kwa sababu afisa anaona kosa kwa mstari mmoja. Mara nyingi chanzo ni kuthibitishwa kazini: mmoja alipeleka fomu yake baada ya miezi 12, mwenzake alisahau miaka miwili.

Mtaala nao umeleta shida zake darasani. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili, Jiografia na Mazingira, Kiingereza kuanzia darasa la kwanza, elimu ya biashara na mkondo wa amali sekondari: kila kimoja kinahitaji mtu, na mtu huyo mara nyingi ni yule aliyekuwa na vipindi vichache kwenye ratiba. Hatuwashauri walimu kukataa somo. Tunawashauri wakubali kwa maandishi. Barua ya mistari mitano kwa mkuu wa shule inatosha: nimepokea somo hili kuanzia tarehe hii, sijapata mafunzo yake, shule ina vitabu kadhaa kwa wanafunzi kadhaa, naomba nipangwe kwenye mafunzo yajayo. Taja idadi halisi ya vitabu. Matokeo yakishuka, barua hiyo inaonyesha kwamba ulisema mapema. Bila hiyo, kushuka kwa matokeo kunaandikwa kuwa uzembe wako.

Kwenye MEWAKA, mafunzo endelevu yanayofanyika shuleni kupitia jumuiya za ujifunzaji, msichukulie daftari la mahudhurio kama karatasi ya kuwaridhisha wakaguzi. Andikeni mada, tarehe, waliohudhuria na lililobaki bila kueleweka. Hilo la mwisho ndilo lenye thamani, kwa kuwa chama kikienda kudai mafunzo ya ana kwa ana kinahitaji kusema walimu wa shule hizi, kwenye somo hili, wamekwama hapa. "Walimu hawajaandaliwa" ni maneno ya jukwaani, na hayajawahi kumpatia mwalimu yeyote siku tatu za mafunzo.

PEPMIS, mfumo wa kielektroniki wa kupima utendaji wa watumishi, tuiseme kwa ufupi. Weka majukumu unayoweza kuyathibitisha: vipindi vyako kwa wiki, maandalio ya masomo, mazoezi uliyosahihisha kwa mwezi, wanafunzi wasiojua kusoma uliowafanyia vipindi rekebishi. Usiweke "kufaulisha asilimia 100", hilo halimo mikononi mwako peke yako. Ukishajaza, mfuate msimamizi wako aidhinishe, kwani kazi isiyoidhinishwa haihesabiki, na mtandao wa vijijini hauna huruma wiki ya mwisho ya Juni. Piga picha ya skrini.

Tumefika kwenye nidhamu, na hapa tutakaa kidogo, kwa sababu kazi nyingi zinazopotea zinapotelea hapa. Mageuzi hayajamfukuza mtu. Barua za kujieleza zisizojibiwa zimewafukuza.

Kosa linaloongoza ni utoro. Kutoonekana kazini zaidi ya siku tano bila ruhusa kunatosha kukufungulia mashtaka. Wengi wanaokamatwa na kipimo hicho si wavivu. Ni mwalimu aliyemkimbiza mama yake hospitali ya rufaa akamwambia mkuu wa shule kwa simu. Simu haina jalada. Ujumbe mfupi wa maandishi una nguvu kuliko simu, na barua iliyoachwa mezani kwa mwalimu wa zamu ina nguvu kuliko vyote viwili. Ukirudi, leta karatasi ya daktari siku hiyohiyo.

Ukipewa barua ya kujieleza, ipokee. Kukataa kupokea kunaandikwa, na kunakuharibia. Andika tarehe na saa uliyopokea kwenye nakala zote mbili. Angalia siku ngapi umepewa. Usijibu ukiwa na hasira, wala usijibu usiku wa siku ya mwisho. Njoo chamani na barua, ratiba, daftari la mahudhurio ulilopiga picha, na majina ya walioshuhudia. Jibu linatakiwa kufuata tuhuma moja baada ya nyingine, kwa namba zilezile za kwenye barua. Kubwa kuliko yote, usiombe msamaha kwa kosa ambalo hukulitenda ili mambo yaishe. Mwalimu anaandika "naomba radhi kwa yaliyotokea" kwa unyenyekevu wa malezi, na mbele ya kamati maneno hayo yanasomwa kuwa amekiri. Kama umekosa kweli, kiri kwa usahihi: nilichelewa siku tatu, tarehe hizi, kwa sababu hii. Kukiri kwa namna hiyo kunapima adhabu, hakukuzi kosa.

Makosa mepesi huamuliwa na mkuu wa shule, kwa onyo au karipio. Makubwa huenda Tume ya Utumishi wa Walimu wilayani, kwa hati ya mashtaka, utetezi wa maandishi na kusikilizwa. Uamuzi ukitoka na hukuridhika, rufaa inakwenda Tume makao makuu ndani ya siku 45, na ngazi ya mwisho ni Rais. Hesabu siku hizo kuanzia tarehe uliyopokea uamuzi, ndiyo maana tulisema andika tarehe. Walimu wengi walipoteza kesi nzuri kwa kukimbilia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi au mahakamani moja kwa moja. Tangu marekebisho ya Sheria ya Utumishi wa Umma ya 2016, mtumishi wa umma anatakiwa kumaliza kwanza ngazi za ndani ya utumishi. Anayeruka ngazi anarudishwa, na akirudi anakuta siku 45 zimekwisha. Wakili wa mtaani asiyejua utumishi wa walimu anaweza kukupeleka huko kwa nia njema kabisa.

Tuhuma zinazohusu mwanafunzi tunazitenga na mengine. Chama kinahakikisha taratibu zinafuatwa na mwalimu anasikilizwa. Hakitafuti mashahidi wa kumnyamazisha mtoto, na mwakilishi anayejaribu kusuluhisha jambo hilo nyumbani kwa wazazi anaivunja kazi ya wote.

Mwalimu wa shule binafsi anasimama kwenye ardhi nyingine, na mwaka 2028 utamgusa yeye kuliko wote. Shule ya msingi ya kulipia inayopoteza darasa la saba inapoteza ada ya darasa zima, yaani moja ya saba ya mapato kama madarasa yanalingana, wakati gari, mlinzi na mkopo wa jengo havipungui. Huko kupunguza wafanyakazi kunawezekana kweli. Sheria ya 2004 inamtaka mwajiri atoe taarifa ya kusudio, aeleze sababu, na ashauriane na chama au wafanyakazi wenyewe kuhusu namna ya kuepuka kupunguza, vigezo vya kuwachagua watakaoondoka, lini, na kiinua mgongo. Mashauriano yafanyike kabla ya uamuzi. Kikao cha dakika kumi cha kusomewa majina si mashauriano.

Kiinua mgongo ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mpaka miaka 10. Kwa anayefanya kazi siku sita kwa wiki, gawa mshahara wa mwezi kwa 26. Mwenye 520,000 anapata 20,000 kwa siku, 140,000 kwa mwaka, na kwa miaka sita 840,000, mbali na notisi, likizo ambayo hakuitumia na mshahara wa siku alizofanya kazi. Akiona ameachishwa isivyo haki ana siku 30 za kufungua shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na huyu ndiye anayeanzia hapo. Tatizo kubwa ni mikataba ya mwaka mmoja mmoja inayokwisha Desemba. Tunza yote, hata ile iliyokwisha. Mikataba mitano mfululizo na ratiba ya muhula ujao yenye jina lako zinaonyesha ulikuwa na haki ya kutarajia kuendelea. Na kila robo mwaka ulizia NSSF kama michango inapelekwa, kwani shule ikifungwa ndipo watu hugundua miaka mitupu.

Kwa shule za serikali, mahali pa kupigania fedha ni baraza la wafanyakazi la halmashauri, nalo lina msimu wake. Mwaka wa fedha unaanza Julai, lakini bajeti yake inapikwa kati ya Novemba na Februari. Orodha ya madai ya uhamisho, likizo na malimbikizo ikifika Machi imeshachelewa, itasubiri miezi 16 mpaka Julai ya mwaka unaofuata. Wawakilishi wa shule wazikusanye Oktoba, zikiwa na cheki namba, kiasi na tarehe ya dai, katibu wa wilaya aingie kikaoni na jumla moja yenye viambatisho.

Na wenye miaka 54 kwenda juu tunawaomba waje mapema, kabla ya ile miezi sita ya notisi ya kustaafu. Kustaafu kwa hiari ni 55, kwa lazima 60. Mkupuo, yaani sehemu ya mafao inayolipwa kwa mara moja, uliokuwa asilimia 33 tangu 2022 ulipandishwa hadi 40 mwaka 2024 kwa kundi kubwa, lakini kinachochelewesha malipo mara nyingi ni jina. Cheti cha kidato cha nne kinasema Mwanaidi, barua ya ajira Mwanahidi, kitambulisho cha taifa Mwanaid. Herufi moja inamfanya mtu asubiri miezi. Linganisha nyaraka hizo tatu leo, pamoja na tarehe ya kuzaliwa. Zikipishana, nenda kwa wakili ukale kiapo au usajili hati ya jina, kisha peleka nakala moja Tume wilayani, moja kwa Mkurugenzi, moja PSSSF. Ya nne iweke nyumbani kwenye mfuko wa plastiki, mbali na pale bati linapovuja.